Mtu wa Kulia

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, goti moja linalosumbua kwa sababu ya mpira, na beji imeshachukuliwa. Ijumaa iliyopita mkuu wa shule alinishukuru mbele ya watu kwa utumishi wangu kama kiranja wa ibada, akaichomoa beji kwenye sweta yangu akiangalia kando kama mtu anayeng'oa jino la mwenzake, akambandika Mercy wa kidato cha tatu. Watu wakapiga makofi ya baridi. Sikupewa mbuzi wala saa ya ukutani. Nilipewa ruhusa ya kurudi kukaa nyuma na wasee wangu, yaani marafiki, mahali nilipotolewa kwa nguvu.

Mercy, haya nakuandikia wewe na watakaokufuata. Habari za kupanda cheo nitaziruka, maana kiranja wa ibada hapandi kwenda popote isipokuwa mbinguni, na hiyo pia bado haijathibitishwa. Mshahara ulikuwa chapati ya Ijumaa. Hiyo nayo niliila nusu, kwa sababu Brayo alikuwa karibu. Ninachotaka kukuachia ni kazi yenyewe.

Niliajiriwa nikiwa kidato cha pili, juu ya dawati, wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimeshika rula kama maiki, nahubiri. Wagonjwa walikuwa wameshaanguka, na Brayo, rafiki yangu tangu chekechea, alikuwa ameponywa mara mbili na anajipanga kuponywa tena. Ghafla amina zikakatika. Mlangoni alikuwa amesimama Madam Nekesa, mwalimu wetu wa dini, mama mfupi wa Bungoma ambaye huvaa viatu visivyolia ili atufikie vizuri. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama sadaka nimeshakusanya. Nikasema bado.

"Basi kazi huijui," akasema. "Kuja Ijumaa nikufundishe."

Darasa zima lilicheka, na tangu siku hiyo jina langu Kelvin likafa. Nikawa Askofu. Hata mama yangu, ambaye ana kibanda cha chai na chapati hapo karibu na stendi ya Kayole, alianza kuniita hivyo mbele ya wateja.

Siku ya kwanza nilifika nikidhani nitapewa Biblia. Nilipewa kitambaa. Unajua ukumbi wetu ndio huohuo tunaokulia githeri, na roho mtakatifu akishuka pale anashukia maharagwe. Nilipangusa viti vyote. Kisha nikakutana na vyombo vya kazi, ambavyo sasa ni vyako. Spika inataka kupigwa kofi moja upande wa nyuma, moja tu, ukiipiga mbili inanuna. Maiki imefungwa selotepu pale betri zinapokaa; ishike kwa chini, usijifanye staa. Kinanda kina kidude kimoja kilichokufa, kwa hiyo kuna nyimbo mbili hatuziimbi hapa shuleni, na wageni wakiuliza waambie ni msimamo wa imani.

Halafu kuna viti. Kila kiti cha plastiki kina namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Hiyo rangi ilikuwa ya Madam mwenyewe. Na hapa ndipo kazi inaanzia, kwa hiyo soma polepole.

Madam Nekesa alisomea chuo kikuu cha kanisa, huko juu kwenye baridi. Sisi tulikuwa tunamcheka kwa hilo bila huruma. Tulikiita chuo cha kuomba. Brayo alikuwa akimuuliza kwa sauti ya heshima kabisa kama mtihani wa mwisho ulifanywa kwa kalamu au kwa magoti. Madam naye hakuwa mtu wa kununa. Alitusimulia kuwa kule walikatazwa muziki, wakakatazwa kutembea wawiliwawili baada ya jua kutua, na wakakatazwa kuchemsha mayai chumbani, na kati ya hayo matatu yeye alivunja moja tu na alishiba vizuri. Ibada ilikuwa ya lazima, kabla ya chai, kwenye baridi la kukata masikio. Kila mwanafunzi alikuwa na kiti chake chenye namba.

Walezi wa kule walikuwa wavivu wa kuita majina, basi wakatunga sheria. Kiti kikiwa kitupu, aliyekaa upande wa kulia wa kile kiti ndiye wa kuulizwa. Ibada ikiisha, anaenda kumtafuta mwenzake mpaka ampate. Kila mtu aliichukia sheria hiyo. Waliiona ni umbea uliobarikiwa.

"Nimesahau karibu yote niliyofundishwa kule," Madam aliniambia siku moja tukipanga viti. "Lakini ukiniamsha usingizini nitakwambia nilikaa wapi na nani alikuwa kulia kwangu."

Aliyekuwa kulia kwake alikuwa Chebet. Mwaka wa kwanza, Madam alishindwa na masomo, akashindwa na baridi, akapanga sanduku arudi nyumbani. Hakuonekana ibadani. Chebet akaja kugonga. Hakuuliza kitu. Alikaa kitandani, akaona mkate wa Madam kwenye dirisha, akaanza kuula. Slesi baada ya slesi, kimya, huku mwenye mkate amesimama na sanduku mkononi. Mwishowe Madam akaweka sanduku chini ili aokoe kilichobaki. Wakakaa wakala pamoja, na hapo ndipo akaanza kueleza. Alimaliza chuo, na Chebet alikuwa kulia kwake miaka yote minne.

Sheria hiyo ndiyo aliyoihamishia kwetu Kayole, na akairekebisha kidogo. Unaenda mwenyewe, humtumi mtu. Unabeba chai, usije ukala mkate wa watu. Na ukifika hufungui mdomo mpaka mwenye kiti afungue wake. Mimi, Mercy, mtu ambaye niliongea hata nikiwa nang'olewa jino, nilipewa kazi ya kunyamaza.

Kiti cha kwanza kuwa kitupu kilikuwa cha Brayo, na wa kulia kwake wakati huo nilikuwa mimi, kabla sijahamishiwa mbele. Nilimkuta kwenye chumba cha gemu nyuma ya duka la nyama. Nikakaa kando yake na chupa ya chai ya mama mapajani. Aliniuliza kama nimetumwa. Nikamimina chai. Aliniambia niache hizo. Nikanywa. Alifungwa mabao manne mfululizo akiniangalia kwa jicho la pembeni, kisha akazima mashine mwenyewe akasema heri hata ningempiga. Tulirudi shule pamoja. Bado anadai ile ilikuwa vita ya kisaikolojia.

Kosa kubwa la utumishi wangu lilikuwa la lugha. Ijumaa moja nilishika maiki nikatangaza kwamba kuna kiti kitupu safu ya tatu, mtu wa kulia asimame. Akasimama Junior wa kidato cha kwanza, kutoka safu ya saba, macho mekundu, kamasi tayari. Nikamuuliza yeye anasimamia nini.

"Si umesema mtu wa kulia?" akajibu. "Mimi nimelia tangu Jumatatu."

Ukumbi ulipasuka. Nami nilicheka, nisikudanganye, nilicheka nikashika kinanda. Lakini Madam hakucheka. Aliinuka, akampeleka Junior nje, wakakaa kwenye ngazi mpaka kipindi cha pili. Kumbe mtoto wa watu alikuwa ameletwa kutoka kijijini kuishi na shangazi Majengo, na hakuwa amezungumza na mtu yeyote wiki nzima. Kiti chake hakikuwa kitupu. Alikuwa amekikalia, lakini hakuwepo. Baada ya hapo Madam alisema tangazo langu lilikuwa sahihi kuliko nilivyojua, na libaki hivyohivyo. Ndiyo maana shule hii mpaka leo tunasema mtu wa kulia, na hatufafanui. Anayejiona kahusika asimame.

Habari zilienea hata kwa wasiohusika na ibada yetu. Halima wa darasa letu, ambaye Ijumaa huenda na wenzake Waislamu kwa ustadhi, alimwambia Madam kwamba kwao wakipanga safu ya swala hawaachi pengo, wanasogea bega kwa bega kuliziba. Madam alilifikiria hilo, akasema ninyi mnaliziba, sisi tunalifuata, tukisaidiana hakuna atakayepotea. Halima akaanza kuwaendea wenzake na chupa yake mwenyewe, na chai yake ina tangawizi. Nakuonya mapema, ushindani upo.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu.

Muhula wa kwanza mwaka huu, Madam alipata msiba. Simiyu, mdogo wake wa mwisho, ambaye yeye ndiye aliyemlea na kumsomesha, aligongwa akiwa kwenye bodaboda. Alienda kumzika Bungoma. Tulichanga, tukasaini kadi, Brayo akachora ua lililofanana na kabichi. Tukasubiri arudi. Alirudi Nairobi, lakini shuleni hakurudi. Ijumaa ya kwanza kiti chake kikawa kitupu. Ya pili vilevile. Mkuu alisema Madam anahitaji muda na tumuombee. Nikamuombea kwenye maiki, maneno mazuri ya kuiga, nikaketi.

Unajua anakaa wapi. Safu ya mbele, mwanzo kabisa. Na kiti cha kulia kwake ni cha nani? Cha kiranja. Nililijua jibu hilo tangu Ijumaa ya kwanza. Nikajiambia sheria ni ya wanafunzi, haipandi hadi kwa walimu, kama maji.

Jumamosi moja nikiwa kibandani nakanda unga, mama alininyooshea simu. Kuna jirani alikuwa ameweka picha za vitu vinavyouzwa kule mtaa wa Fedha. Meza, jiko la gesi, na sofa ya kijani yenye vitambaa vyeupe vya kufuma.

"Hii si ni ya mwalimu wenu?" mama akauliza. "Tulienda kumpa pole, si tulikalia hii?"

Ilikuwa yenyewe. Chini ya picha paliandikwa kwamba mwenyewe anahamia mashambani, anauza kila kitu. Nilisoma mara mbili na mikono yangu ya unga. Kumbe hakuhitaji muda. Alikuwa anaondoka moja kwa moja, asirudi.

Nikamwambia mama kwamba ni mtu mzima, na ni mwalimu, na mimi nitamwambia nini.

"Nani amekuambia useme?" Alikuwa ameshaanza kujaza chupa. "Wewe si ndiye wa kulia kwake? Nenda. Na usiende kuchekesha watu huko. Na chupa yangu irudi."

Pale getini Fedha, askari aliniuliza kama nimekuja kuona sofa. Nikasema ndiyo, na haukuwa uongo. Madam alinifungulia mlango akiwa na leso kichwani. Alikuwa amekonda hata sauti. Aliangalia chupa, akaniangalia mimi, akajua. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Kelvin," akasema. "Umekuja kununua?"

"Nimekuja kuikalia kwanza, Madam."

Baada ya hapo nilifunga mdomo. Nilikaa upande wa kulia wa sofa, nikamwachia wa kushoto, lakini hakukaa. Alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti. Nilimimina chai, ikapoa. Mercy, hakuna kazi niliyowahi kufanya ngumu kama ile. Nilikuwa na vichekesho vingi kichwani vinagongana kama watu mlangoni. Friji ilinguruma, ikanyamaza. Nikahisi hata friji imenishinda kwa adabu.

Kisha mlango ukagongwa, akaingia mama mmoja mwenye shughuli zake, mnunuzi wa kweli. Aliipenda sofa. Aliibonyeza kwa mkono, akaangalia vitambaa, wakakubaliana bei na Madam. Halafu akageuka akanitazama, akisubiri niinuke ili aone upande wangu.

Sikuinuka.

Alimuuliza Madam mimi ni nani. Madam akasema ni mwanafunzi wake. Mama akaniambia kijana, hebu simama kidogo. Nikamwangalia kwa heshima zote, shikamoo ilikuwa machoni kabisa, na sikusimama. Alingoja. Akatoa simu, akaiangalia, akairudisha. Akauliza kama kijana anauzwa pamoja na kiti. Mwisho akasema atarudi siku nyingine, na kwa jinsi alivyofunga mlango nilijua hatarudi.

Madam alisimama katikati ya chumba na sahani iliyofungwa gazeti.

"Kelvin, toka kwa kiti changu."

"Siwezi, Madam," nikasema. "Mimi ndiye mtu wa kulia."

Alianza kucheka. Nakwambia alicheka, kile kicheko chake cha pua, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu hakikuwa kicheko tena. Aliketi pale kushoto kwangu na sahani yake, akalia. Alilia kama mtu aliyekuwa amesimama kwenye foleni siku nyingi na sasa zamu yake imefika. Mimi niliangalia mbele kama niko ibadani. Nikamwekea chai nyingine, ile iliyokuwa na moto.

Baadaye ndipo akaongea. Alisema hawezi kuomba. Akifunga macho anaona barabara tu. Atasimamaje mbele ya watoto wa watu kila Ijumaa awafundishe kitu ambacho kwake kimekauka? Ni heri aende nyumbani akalime. Nilijua majibu mengi, niliyasikia kwenye mahubiri, hata niliyaigiza juu ya dawati. Sikutoa hata moja. Nilimuuliza tu, "Chebet anajua?"

Akatingisha kichwa kukataa. Watu wa safu yao ya chuoni bado wana kundi lao kwenye simu, wanasalimiana kila Ijumaa asubuhi, kila mtu kwa zamu ya kiti chake. Tangu mazishi yeye alikuwa amenyamaza, na wao walidhani bado yuko Bungoma na jamaa. Nikamsogezea simu yake iliyokuwa juu ya boksi. Hiyo tu. Nikaenda zangu, na kwa haraka nikasahau chupa.

Mama alinirudisha Jumapili baada ya kanisa. Chupa ni chupa. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu nisiyemjua, shavu limejaa, anatafuna.

"Wewe ndiye ulikataa kutoka kwa sofa?" akauliza kwa kile Kiswahili cha Bonde la Ufa.

Nikakubali. Akanitazama juu hadi chini.

"Mimi nilikula tu mkate," akasema. "Wewe umenipita. Ingia."

Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Eldoret, na kitu alichobeba kilikuwa mkate mmoja mkubwa. Alikuwa amemwambia Madam kwamba ni ule wa mwaka wa kwanza, ameurudisha. Wakaula wote wawili kabla ya hata kuweka mkoba chini. Nilipoingia Madam alikuwa kwenye sofa, miguu juu, anabishana na simu. Ilikuwa safu nzima inaongea kwa pamoja, mmoja mchungaji, mmoja nesi, mmoja anauza vigae, wote wanagombania nani aje wiki ijayo. Boksi mbili zilikuwa zimefunguliwa tena. Nikachukua chupa. Ilikuwa imeoshwa.

Nilitembea hadi nyumbani nikifikiria chuo cha kuomba. Nilidhani kinachobaki baada ya chuo kama kile ni mistari ya Biblia na woga wa mayai ya kuchemsha. Madam alishindwa na mistari, alishindwa hata kufumba macho. Kilichokuwa kimebaki ni watu, tena wale aliowekewa pembeni kwa lazima, kwenye baridi, wakilalamika.

Hakurudi shule mara moja. Ijumaa iliyofuata nilipangusa viti, nikapiga spika kofi lake moja, nikaketi bila kuangalia kando, kwa sababu niliogopa. Watu waliimba. Katikati ya wimbo nilisikia harufu ya rangi ya kucha, mbichi. Nikageuka kushoto. Alikuwa ameketi, amepaka upya ile namba ya kiti chake iliyokuwa imefifia, na kidole kimoja kilikuwa chekundu.

"Leo nimekuja kukaa tu," akaninong'oneza. "Kuomba, omba wewe."

Niliomba. Ilikuwa fupi, haikuwa na sauti ya kuiga, na Brayo anasema ilikuwa mbaya kuliko zote. Madam hakufumba macho. Mimi pia nilifungua moja, nimchunge.

Sasa mama ananiuliza mwakani nitaomba chuo gani, na kama hicho cha baridi nakitaka. Sijui. Nywele zangu na sheria zao hazitapatana. Lakini nimeshaandaa swali nitakalouliza kila mahali, la masomo litafuata: nikikosekana, nani atatumwa?

Basi, Mercy, kiti changu ni chako. Mguu wa nyuma umelegea, usiegemee. Sofa ya kijani bado iko Fedha, upande wa kulia umebonyea kidogo, na Madam anasema ni mimi. Chupa ya mama unaweza kuazima, mradi irudi. Na kila Ijumaa, kabla hujashika maiki, angalia kushoto.